Diwani na Neno Langu la Kisomi

Nikikwambia kwamba kuna vijiwe pale Machochwe ambavyo mpaka leo nikivipitia wanaume wanabana mapaja, usidhani nakutania. Wanaanza kwa heshima kabisa, "Karibu Daktari," halafu mmoja anavuta koti lake mapajani, mwingine anapishanisha miguu, na hakosekani wa kusema, "Pita kwa mbali, mura, na tafadhali usitamke neno lolote." Wanacheka. Na mimi nacheka nao, kwa sababu nimegundua nisipocheka wanacheka zaidi. Lakini ndani naungua, maana wenzangu wanakumbuka kichekesho, na mimi nakumbuka uso wa baba yangu.

Kwanza mnijue vizuri, ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani. Mimi ni Chacha, mtoto wa Mzee Marwa. Niliondoka Machochwe na shati moja na viatu vya kuazima, nikavuka Sirari kwenda upande wa Kenya, nikakamua ng'ombe wa watu kila alfajiri mpaka vidole vikawa vinakataa kukunjuka, na kwa jasho hilo, bila mjomba wa kunishika mkono, bila baba kuuza hata mbuzi, nikajisomesha mpaka stashahada ya afya ya mifugo. Stashahada, sio cheti. (Hapo naomba msipite haraka.) Leo nina duka la dawa za mifugo Sirari, lenye kabati la vioo na friji ya chanjo, na juu ya mlango kuna bango la herufi za bluu linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: Dkt. Chacha. Najua, najua, mwenye stashahada haitwi daktari. Mchoraji wa bango aliniuliza aandike nani, nikamwambia aandike vile watu wanavyoniita, ingawa wakati ule watu walikuwa hawajaanza kuniita.

Sasa, siku niliyorudi nyumbani kwa mara ya kwanza nikiwa na suti na gari la kukodi, nilikuta wazee wamekaa nje ya boma letu. Nikawaamkia shikamoo vizuri, wakaitikia marahaba, kila kitu kikaenda sawa, mpaka nilipomtazama ng'ombe mmoja aliyedhoofu nikasema, "Hii ng'ombe imekonda sana, mumeipea dawa gani?" Jamani! Wazee wakatazamana. Mzee Wambura, jirani yetu, ambaye Mungu alimpunguzia meno akamwongezea ulimi, akauliza, "Mumeipea? Marwa, mbona mtoto wako amerudi Mkenya?" Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi, niliyetegemea kupokewa kama msomi, nikapokewa kama mgeni aliyepotea njia ya kurudi Isebania, ng'ambo kule Kenya.

Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Niliporudi Sirari nikanunua kamusi, nikawa naisoma dukani kama mchungaji anavyosoma Biblia, na nikaapa kwamba katika kata nzima hatatokea mtu wa kunisahihisha Kiswahili. Damu ya ng'ombe nikawa naiita sampuli. Minyoo nikaiita vimelea. Mteja akija kusema ndama wake anaharisha, namwuliza huo mvurugiko wa mmeng'enyo umeanza lini, na mteja ananitazama kwa huruma anasema, "Hapana Daktari, mimi nimekuja kwa ajili ya yule anayeharisha." Hata hayo hayakunitosha kuwa onyo.

Zawadi niliyompelekea mdogo wangu Mwita nayo ilikuwa ya kisomi. Mwita ndiye aliyebaki nyumbani na baba, mtu mzima mwenye mke na watoto, hodari wa jembe na wa mifugo, ila shule aliiacha mapema. Nilimletea koleo la kuhasia, lile kubwa la chuma linalobana mishipa ya dume kwa nje bila kupasua ngozi. Zamani ukitaka maksai wa kulimia pale kwetu unamwita mtu mwenye kisu, na kazi yenyewe waliiita kukata tu. Nikasema hapana, huo ni ushamba. "Mwita, sisi hatukati. Sisi tunahasi. Sema." Akasema, "Tunahasi." "Mimi nikisema hasi, wewe unabana, unatulia kidogo, unaachia, unahamia upande wa pili." Tukafanya mazoezi kwa madume madogo ya majirani, mimi nimesimama pembeni mikono kiunoni kama mwalimu wa gwaride, napaza sauti, "Hasi!" na Mwita anabana. "Hasi!" Anabana. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana. Laiti angekuwa mzembe.

Nimefika kwa Diwani. Diwani ni dume la baba, mwekundu, mwenye nundu kubwa na shingo nene, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu alikuwa anatembelea kila boma katika kata bila kusubiri uchaguzi. Lakini kwa baba hakuwa kichekesho. Mimi nikiwa mdogo, wezi waliingia bomani kwetu wakaondoka na ng'ombe wote, isipokuwa ndama jike mmoja mgonjwa ambaye bibi, mama yake baba, alikuwa amemlaza ndani ya nyumba yake karibu na moto. Bibi akamnywesha uji kwa kijiko mpaka akasimama. Kutoka kwa ndama yule tukapata tena boma. Miaka ikaenda, wengine wakaondoka kwa mahari, wengine wakafa kwa ukame, madume baba akawa anayauza kwa sababu Diwani mwenyewe yupo, na mwisho wake katika boma la Mzee Marwa akabaki Diwani peke yake wa uzao wa yule ndama wa bibi. Ndipo baba akanunua mitamba miwili mizuri, akawa anasubiri ifike umri wa kupandwa. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama mahindi yakikaribia kukomaa.

Mitamba ikafika umri, na ugonjwa nao ukafika siku hizo hizo. Ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Boma hili leo, lile kesho, mimba kubwa kabisa zinadondoka malishoni. Afisa mifugo wa kata yetu, mama mmoja anaitwa Bi Ghati, mfupi, mchangamfu, anayeendesha pikipiki kuliko vijana, akaitisha mkutano pale joshoni tunapoogeshea ng'ombe. Akasema ng'ombe wasihamishwe, maziwa yachemshwe, madume yafungiwe bomani, na damu itachukuliwa ipelekwe maabara. Kuhusu madume akasema maneno ambayo kila mtu aliyashika: "Dume litakalokutwa na ugonjwa halitapanda tena. Litachinjwa, au mwenyewe akitaka kulitumia kwa jembe, litahasiwa. Hakuna njia ya tatu." Watu wote wakageuka kumtazama baba, kwa sababu Diwani alikuwa amepita kila mahali.

Siku ya kuchukua damu nilikwenda. Hakuna aliyeniita. Nilivaa koti jeupe na mabuti mapya, nikamwambia Bi Ghati kwamba dume wa familia nitamhudumia mwenyewe. Akanitazama toka juu mpaka chini akasema, "Karibu, Daktari wa stashahada. Usije ukachoma mguu wako tu." Nikachoma mshipa wa shingo mara moja, damu ikaja, vichupa vikajaa, vikaingia kwenye kisanduku cha barafu. Baba alikuwa amemshika Diwani sikio, anamsemesha kwa Kikurya polepole, na tulipomaliza akaniuliza, "Sasa itajulikana lini?" Nikamwambia, "Tata, tulia. Majibu mimi nitayajua kabla ya mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipojifunga kamba shingoni. Maana majibu yalipokuwa tayari yalikuwa ya Bi Ghati, na mkutano wa kuyasoma ulikwishapangwa, wala hapakuwa na sababu yoyote ya mimi kujitia katikati. Lakini nilikuwa nimeahidi. Kuna mtu niliyesoma naye, kazi yake iko jirani na mambo hayo, nikamsumbua kwa simu mpaka akaniambia siku moja kabla ya mkutano: dume la baba yako halina kitu. Safi kabisa.

Nilikuwa Sirari, nimekaa kwenye hoteli ninayonywea chai asubuhi, katikati ya wabadilisha fedha na mawakala wa mizigo. Furaha ikanipanda mpaka kichwani. Nikatoa simu, nikamwandikia Mwita, kwa sababu baba hasomi ujumbe. Na sikilizeni, nawaapia, mara ya kwanza niliandika sawa. Niliandika, "Diwani hana ugonjwa." Yalikuwa pale kwenye kioo, maneno matatu, nimebakiza kubonyeza tu. Nikayatazama. Nikayaona kama ya mtoto wa darasa la pili. Nikajiuliza, hivi Mzee Wambura akisomewa haya atajuaje kwamba yameandikwa na mtu aliyesoma? Nikafuta. Nikaandika kwa herufi kubwa:

MAJIBU YA MAABARA YAMETOKA. DIWANI HASI. TEKELEZA MAAGIZO YOTE YA AFISA MIFUGO. DKT.

Hayo maagizo, kwa akili yangu, yalikuwa kuchemsha maziwa na kuendelea kumfungia dume mpaka mkutano uishe. Nikabonyeza. Nikamsomea kwa sauti mbadilisha fedha mmoja aliyekuwa meza ya pili, akasema, "Hiyo kali, Dakitari," na mimi nikachukua kule kusifiwa nikavuka nako kwenda Isebania kufuata dawa. Na kama ninavyofanya kila nikivuka, nikatoa laini ya Tanzania kwenye simu nikaweka ya Kenya.

Sikuirudisha ya Tanzania mpaka usiku nilipokwenda kulala, na wala sikuangalia kama kuna aliyenitafuta. Nilikuwa natunga hotuba.

Kesho yake nikaondoka mapema na suti yangu ileile, nikapita Mugumu nikanunua kreti za soda, na nilipofika joshoni mkutano ulikuwa tayari umejaa. Nikashuka. Watu wakanyamaza. Nikaona ni heshima. Wanaume wakanipisha njia pana kuliko kawaida, nikaona nayo ni heshima. Baba alikuwa mbele, amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini, hakuinua macho. Nikasema moyoni, mzee amezidiwa na furaha. Mwita alisimama nyuma yake, akanipungia mkono kidogo kama mtu aliyemaliza kazi aliyopewa.

Bi Ghati alikuwa bado anapanga karatasi zake. Nikamwomba dakika moja niwasalimie wazazi wangu. Akasema, "Salimia basi, lakini usinichoshee watu."

"Wazee wangu, shikamooni," nikaanza. "Nimekuja kwa furaha kubwa. Kama mlivyosikia tangu jana, Diwani ni hasi."

"Tumesikia," akasema Mzee Wambura. "Na yeye mwenyewe amesikia."

Watu wengine wakaguna. Sikuelewa, lakini mwenye hotuba hasimami njiani. Nikasema, "Basi naomba makofi kwa Mzee Marwa!"

Hakuna aliyepiga. Upepo tu. Mama mmoja, Bhoke, mjane tunayepakana naye shamba, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Makofi ya nini, Chacha? Huna hata huruma kwa mzee wako?"

"Huruma ya nini, mama? Hii ni sherehe! Soda ziko kwenye gari!"

"Soda za matanga," akasema Wambura.

Nikaona hawajaelewa uzito wa jambo, nikaamua kuwafafanulia, kwa sababu kufafanua ndiyo kazi ya msomi. Nikasema, "Ndugu zangu, kuwa hasi ni jambo jema. Wako madume humu watakaosomwa leo kwamba ni chanya, hao ndio wa kusikitikia."

"Chanya ndio nini?" akauliza Bhoke.

"Chanya ni wenye ugonjwa."

Baba akainua uso. Alikuwa amezeeka tangu siku ya damu, au labda ni mimi sikuwa nimemtazama. Akasimama polepole, kofia mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, kama vile hanifahamu vizuri:

"Chacha. Diwani alikuwa mgonjwa au hakuwa mgonjwa?"

"Hakuwa, tata! Ndiyo maana nikaandika hasi!"

Nakumbuka Bi Ghati akifunika mdomo kwa zile karatasi. Nakumbuka Mwita akisogea mbele, uso umempauka, ananitazama kama mtu aliyesukumwa shimoni na ndugu yake. "Kaka," akasema, "si wewe ulinifundisha? Si ulisema ukisema hasi, mimi nabana?"

Sijui nieleze vipi. Kuna wakati akili inaelewa kitu kabla mtu hajakubali kukielewa. Neno lile nililolichagua kwenye kamusi likageuka mdomoni mwangu, nikaona upande wake wa pili, upande ambao mimi mwenyewe, kwa mikono yangu kiunoni, nilikuwa nimemfundisha mdogo wangu mpaka akaujua kuliko jina lake.

"Mmemhasi?" nikauliza.

"Tulikuwa wanaume wazima tumemshika," akasema Wambura, "na mimi mzee mzima nilishika mkia. Ulisema tutekeleze."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Alijaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi lakini kikamshinda, halafu wa pili, halafu joshoni pote pakalipuka, wanawake wanashikana mabega, vijana wanakaa chini, Bi Ghati machozi yanamtoka anasema, "Jamani nisameheni, jamani mzee nisamehe." Hata wale ambao muda mfupi baadaye waliambiwa madume yao ni wagonjwa walicheka. Asiyecheka alikuwa mmoja. Baba alivaa kofia yake, akaikaza vizuri, akaondoka kuelekea nyumbani.

Nikamfuata, na mkutano nusu nzima ukanifuata mimi. Njiani Mwita akanieleza yaliyotokea, na kila alichosema kilikuwa kama kibao. Ujumbe ulipofika, alimsomea baba. Baba akasema soma tena. Akasoma tena. Baba akasema mpigie. Simu yangu haikupatikana. Baba akakaa, akasema mpigie tena. Haikupatikana. Mwita akasema labda tusubiri mkutano. (Sikieni hilo: Mwita, aliyeacha shule, alitaka kusubiri.) Lakini baba akakataa. Akasema, "Chacha ametoka mbali na elimu yake. Hawezi kuniandikia mimi kitu ambacho hana hakika nacho. Na akisema leo, ana sababu ya kusema leo." Akaingia ndani, akatoa chumvi, akamlisha Diwani kiganjani mpaka ikaisha. Halafu akawaita majirani. Halafu akaingia nyumbani kwake akafunga mlango, akawaambia wakimaliza wasimwite.

Hiyo ndiyo imani ambayo mimi niliitafuta maisha yangu yote, ndugu zangu. Nilikamua ng'ombe wa watu kwa ajili yake. Niliandika bango kwa ajili yake. Na kumbe nilikuwa nayo tayari, na hivi ndivyo nilivyoitumia.

Bomani nikavua koti la suti nikaingia kumkagua Diwani, nikiomba Mungu kimoyomoyo kwamba Mwita awe amekosea, awe amebana ngozi tu, awe amesahau upande wa pili, kosa lolote lile. Watu wameegemea uzio wanatazama. Nikapapasa upande wa kwanza. Mshipa umekatika. Nikapapasa upande wa pili. Kazi safi, safi kabisa, kama ilivyo kwenye vitabu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Na nilipokuwa bado nimeinama hapo, nadhani Diwani akanitambua, au labda maumivu tu, akarusha teke moja lililonipata pajani likanilaza chali kwenye samadi mbichi, suruali ya suti na yote, na kutoka kwenye uzio nikasikia Wambura akisema, "Huyo naye ametoa majibu yake."

Sikuinuka haraka. Nilibaki pale nikitazama mawingu, na nikaona kofia ya baba ikija juu yangu. Nikajua sasa nitatukanwa, na kwa kweli nilikuwa nataka kutukanwa. Baba akaninyooshea mkono, akaniinua. Akasema kwa Kikurya, "Nenda ukaoge. Mama yako asikuone hivi." Basi. Hakuniambia lolote jingine kuhusu Diwani, siku ile wala nyingine, na ningependa kuwaambia kwamba hilo lilikuwa nafuu, lakini halikuwa.

Nikajaribu kurekebisha kwa njia zangu. Nilizunguka boma kwa boma kuomba ndama wa Diwani. Waliozaliwa zamani walikwishauzwa, na mimba nyingi zilikuwa zimetupwa kwa ule ugonjwa ulioletwa na madume wengine. Mwisho, aliyekuwa na kitu alikuwa Mzee Wambura, Wambura huyohuyo. Ng'ombe wake mmoja, aliyepimwa akaonekana mzima, ana mimba ya Diwani. Akasema atakayezaliwa atampa baba, jike au dume, na hataki malipo kutoka kwangu ila jambo moja, nisimkaribie huyo ng'ombe na wala nisimwandikie ujumbe. "Akizaliwa salama," akasema, "tutamwita Chanya." Ninapoandika haya bado hajazaa. Kila asubuhi baba anachukua fimbo yake anakwenda kwa Wambura kumtazama, anasimama uzioni kidogo, anarudi. Mitamba yake miwili bado anaifungia, haijapandwa na dume yeyote. Diwani yuko jembeni. Nikienda nyumbani msimu wa kulima ni mimi ninayeshika jembe nyuma yake, sikulazimishwa na mtu, na tukifika mwisho wa shamba anageuza shingo kunitazama, nami natazama udongo.

Bango nimelifuta zile herufi za mbele. Kamusi nimempa mtoto wa Mwita. Dukani, juu ya kabati la vioo, nimebandika maneno ambayo nayasoma kabla ya kumjibu mteja yeyote: ANAUMWA au HAUMWI. Na nimeapa kwamba majibu ya kipimo cha mnyama sitayatuma tena kwa simu. Nitapanda gari, nitafika, nitamtazama mwenye ng'ombe usoni, nitamwambia kwa lugha aliyonyonya nayo, na nitahakikisha koleo liko mbali.

Lakini ngoja niwamalizie na siku nyingine moja, kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Ule ugonjwa unashika hata watu, kupitia maziwa mabichi, na baba alikuwa na homa za jioni na maumivu ya viungo, naye maziwa ya kuchemsha hayapendi. Nikampeleka Mugumu akapimwe. Tukakaa kwenye benchi, wagonjwa wawili watatu kutoka kwetu Machochwe wakiwa wametuzunguka. Nilikuwa naogopa. Safari hii hakikuwa kipimo cha dume.

Muuguzi, binti mdogo mwenye sauti nzuri, akatoka na kikaratasi akatabasamu. "Mzee Marwa? Majibu yako yametoka, babu. Hasi."

Benchi zima likaganda. Baba akainuka taratibu, akashika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, akanigeukia. Mtu mmoja wa Machochwe akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko. Baba akamwambia yule binti, "Mjukuu wangu, subiri kwanza. Neno hilo nina mtu wa kulieleza." Akawa ananitazama mimi, anasubiri, na macho yake hayakuwa na mzaha wowote.

Nikasimama. Nikamwambia kwa Kikurya, maneno mafupi, kama mtoto anayeagizwa dukani: "Tata, huna ugonjwa. U mzima."

Akaachia mkanda. Akapumua. Akachukua kofia yake pale kwenye benchi, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa.

"Kumbe unajua kusema," akasema, akatangulia mlangoni.